Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Kwao Kukijaa?

Muhula huu Chama cha Majadiliano cha shule yetu kilijadili hoja isemayo: "Mchezaji wa Marekani aendaye kucheza Ulaya ni mchezaji aliyeshindwa kwao." Hoja ilipita kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa upande wa wapinzani, na kwa kuwa kengele ililia kabla sijafika nusu ya maneno yangu, namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi niyamalize hapa kwa kalamu. Wenzangu walishinda kwa kura, nami nawapa pongezi zao. Lakini kura huhesabu mikono, haipimi ukweli.

Huenda mzazi atakayesoma gazeti hili akauliza, "Mpira wa kikapu wa Wamarekani unatuhusu nini sisi?" Namwomba avumilie kidogo. Siku ile tulikuwa tukisema juu ya watu warefu wa nchi ya mbali, lakini neno "aliyeshindwa" tulilokuwa tukilirusha huku na huko ndilo neno lile lile ambalo sisi wa Kidato cha Nne tunaliogopa matokeo yatakapotoka. Kwa hiyo ni vyema tujue maana yake kabla hatujampachika mtu.

Waliounga mkono hoja walisimama juu ya methali moja: Mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo ni ya kweli, wala siipingi. Lakini inatupa habari za mtu aliyekwisha kupata nafasi uwanjani. Haisemi lolote juu ya mtu aliyefika kwao akakuta uwanja umejaa.

Na tuanze na hesabu. Ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, iitwayo NBA, ina timu 30. Kila timu inaruhusiwa kuwa na wachezaji 15 wenye mkataba kamili, pamoja na wachache wanaogawana muda kati ya timu hiyo na ligi ndogo. Basi nafasi kamili ni 450 tu kwa nchi nzima, nazo zinagombewa na dunia nzima. Vyuo vikuu vya Marekani vyenye timu katika daraja la kwanza vinazidi 350. Kila mwaka NBA huchagua vijana wapya katika duru mbili, wasiozidi 60 kwa jumla, na miongoni mwao wamo wageni kutoka nchi nyingine. Wengine wote waliocheza miaka minne chuoni, wakashangiliwa na wazazi wao na miji yao, huambiwa asante na mlango ukafungwa.

Aliyebaki nje anaweza kuingia ligi ndogo, ambako katika miaka ya karibuni mshahara umekuwa kama dola 40,000 kwa msimu, ilhali mshahara wa chini kabisa katika NBA umevuka dola milioni moja. Huko atangoja simu. Wako waliopigiwa simu hiyo, na wako waliongoja hadi magoti yakachoka. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Upande wa pili wa bahari kuna ligi za Hispania, Italia, Ugiriki, Uturuki, Ufaransa, Ujerumani, Lithuania na nyinginezo. Juu yake kuna mashindano ya klabu bora, ambayo asili yake ni Kombe la Mabingwa wa Ulaya lililoanza mwaka 1958, na ambayo leo yanajulikana kwa jina la EuroLeague. Wapenzi wa kandanda katika shule yetu watashangaa kusikia kwamba Real Madrid, Barcelona na Fenerbahçe, ambazo wao huzijua kwa mpira wa miguu, zina timu kubwa za kikapu pia. Klabu hizo hutafuta watu wa kazi, na huko Marekani watu wa kazi wamezidi nafasi. Mwenye jembe akikosa shamba kwao, je, ni aibu akilima kwa jirani?

Sasa nitataja watu wenyewe, maana upande wa pili siku ile haukutaja hata mmoja.

Wa kwanza ni Bill Bradley. Mwaka 1965 alichaguliwa na timu ya New York Knicks baada ya kung'ara katika Chuo Kikuu cha Princeton. Badala ya kwenda kuchukua mshahara, alikwenda kusoma Oxford, Uingereza. Huko alipata nafasi ya kuichezea klabu ya Milano ya Italia katika Kombe la Ulaya, akawa anasafiri kutoka masomoni kwenda kucheza, na mwaka 1966 Milano ikatwaa kombe. Kisha akarudi kwao, akawa bingwa wa NBA pamoja na Knicks mwaka 1970 na 1973, na baadaye akawa seneta wa jimbo la New Jersey kuanzia 1979 hadi 1997. Napenda sana kisa hiki kwa sababu kinatuonyesha sisi wanafunzi kwamba kitabu na mpira vinaweza kukaa katika mkoba mmoja, mradi mwenye mkoba ajue saa ya kutoa kimoja na kuweka kingine.

Wa pili ni Bob McAdoo. Huyu aliongoza kwa kufunga katika NBA misimu mitatu mfululizo, na mwaka 1975 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Akawa bingwa pamoja na Los Angeles Lakers mwaka 1982 na 1985. Mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 35, umri ambao wengi huitwa wazee wa mchezo, alikwenda Milano. Aliisaidia klabu hiyo kutwaa Kombe la Ulaya mwaka 1987 na tena mwaka 1988, akaendelea kucheza Italia hata baada ya kutimiza miaka arobaini. Dominique Wilkins naye alikwenda Panathinaikos ya Ugiriki mwaka 1995, na mwaka 1996 klabu hiyo ikawa ya kwanza ya Ugiriki kuwa bingwa wa kombe hilo kubwa. Je, watu hawa walishindwa? Kama huku ndiko kushindwa, nami naomba nishindwe hivyo.

Najua mtu atanijibu, "Hao walikuwa mashujaa tayari. Tutajie aliyekataliwa." Vema. Kyle Hines alimaliza chuo mwaka 2008, na hakuna timu ya NBA iliyomchagua. Sababu ilikuwa wazi. Yeye hucheza katikati, karibu na kikapu, mahali pa watu wa mita 2 na sentimeta 10 au zaidi, naye ana mita 1 na sentimeta 98 tu. Alianza Italia katika klabu ya Veroli, ambayo haikuwa hata katika daraja la kwanza. Kutoka hapo akapanda ngazi moja moja: Ujerumani, kisha Olympiacos ya Ugiriki, kisha CSKA ya Moscow. Alikuwa bingwa wa EuroLeague mara nne, mwaka 2012, 2013, 2016 na 2019. Hakucheza hata mechi moja ya msimu wa NBA mpaka alipostaafu, na hata hivyo Ulaya humhesabu miongoni mwa walinzi bora waliopata kutokea. Aliyempima kwa rula alimwona mfupi. Aliyempima kwa kazi alimwona mrefu.

Yuko pia Nigel Hayes-Davis. Hakuchaguliwa mwaka 2017. Katika msimu mmoja alijaribiwa na timu tatu za NBA, na hakuna iliyomweka. Mwaka 2018 akaenda Uturuki, na katika miaka iliyofuata akacheza Lithuania, Hispania, kisha Uturuki tena. Machi 2024 alifunga alama 50 katika mechi moja ya EuroLeague, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kabla yake katika zama za sasa za mashindano hayo. Mei 2025, katika fainali zilizofanyika Abu Dhabi, aliiongoza Fenerbahçe kuwa bingwa, na mwaka huo huo NBA ikamwita arudi. Basi yule "aliyeshindwa" wa 2018 na yule aliyeitwa 2025 ni mtu mmoja, mwenye mikono ile ile. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba alipata mahali pa kuitumia mikono hiyo kila juma, mbele ya watu, mechi ikiwa na uzito.

Jambo hili la uzito lataka maelezo. Timu ya NBA hucheza mechi 82 katika msimu wa kawaida, kila moja ya dakika 48. Ulaya mechi ni ya dakika 40. Katika nchi nyingi za Ulaya timu za mwisho hushushwa daraja, jambo ambalo NBA haina. Kwa hiyo hata mechi ya timu mbili za mkiani huchezwa kama mtihani wa mwisho. Kijana aliyezoea kupewa kila mpira chuoni hukuta kocha anayemtaka azuie, atoe pasi na akae benchi akikosea. Atajifunza mchezo upya au atarudi nyumbani. Mahali kama hapo si jalala la kutupia wachezaji. Ni shule, tena yenye nidhamu kali.

Sasa nije kwa hoja za wenzangu, maana si haki kuzipita kimya.

Walisema kwamba aendaye Ulaya huwaziba vijana wa Ulaya. Hoja hii ina uzito, na ndiyo sababu ligi nyingi huweka kiwango cha wageni. Lakini tutazame matokeo. Miaka yote ambayo Wamarekani wamekuwa wakienda, vijana wa Ulaya hawakukauka. Dirk Nowitzki wa Ujerumani, Giannis Antetokounmpo wa Ugiriki na Nikola Jokić wa Serbia wote walipata kuwa wachezaji bora wa NBA nzima, na huyo Jokić alipochaguliwa mwaka 2014 alikuwa wa 41. Mwaka 2023 Ujerumani iliitoa Marekani katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, kisha ikawa bingwa. Sisemi kwamba hiyo ni kazi ya wageni peke yao. Nasema kwamba wageni hawakuwazuia wenyeji kukua. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kanuni hizo za wageni zimezaa jambo moja linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 2000 nchi za Ulaya zilitia sahihi mkataba na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki katika mji wa Cotonou, Benin. Kwa sababu ya mkataba huo, kwa miaka mingi mchezaji mwenye uraia wa nchi ya Afrika alihesabiwa tofauti na Mmarekani katika ligi kama ya Hispania, naye hakula nafasi ya mgeni. Brandon Davies, aliyezaliwa Marekani na kupita NBA kabla ya kwenda Ulaya, alipata uraia wa Uganda na kuichezea nchi hiyo katika mashindano ya Afrika ya mwaka 2017. Ishmail Wainright naye hakuchaguliwa na NBA. Alicheza Ujerumani na Ufaransa, akaivalia Uganda jezi Kigali mwaka 2021, timu ilipofika robo fainali, na mwaka huo huo akaingia Phoenix Suns. Wako wanaonung'unika kwamba uraia haupaswi kupatikana kwa ajili ya mpira, nami naona manung'uniko yao yana haki kiasi. Lakini Uganda ilifaidika uwanjani, na vijana wa Kampala wakapata nafasi ya kufanya mazoezi na watu waliotoka katika ligi kubwa.

Walisema tena kwamba watu hawa hufuata fedha tu. Mfano wao ungeweza kuwa Josh Childress, ambaye mwaka 2008 aliiacha Atlanta Hawks akaenda Olympiacos kwa mkataba wa miaka 3 uliotajwa kuwa wa dola kama milioni 20. Lakini ni nani afanyaye kazi asitazame mshahara? Klabu yake ilikuwa na haki ya kulinganisha ahadi ya timu nyingine yoyote ya NBA na kumzuia asihame, na haki hiyo haikuvuka bahari. Alitumia njia iliyo halali. Kisichofaa ni kuvunja ahadi. Brian Shaw alikwenda Roma mwaka 1989. Akiwa huko, mwanzoni mwa 1990, alitia sahihi kurudi Boston Celtics, halafu akataka kubaki Roma. Mahakama ya Marekani ilimwamuru atimize aliyoyaandika, naye akarudi. Hapo mimi nasimama na mahakama. Kuhama si kosa, ila kutia sahihi sehemu mbili ni kosa.

Wala sisemi kwamba Ulaya ni peponi. Klabu kubwa aghalabu humpa mchezaji nyumba na gari na kumlipia kodi, lakini klabu nyingine zimechelewesha mishahara hata ikabidi shirika la mpira wa kikapu duniani lianzishe baraza la usuluhishi mwaka 2007, ili mchezaji aweze kudai haki yake bila kuzunguka mahakama za nchi ngeni. Aendaye lazima asome mkataba wake neno kwa neno. Hapa ndipo walimu wetu wa lugha wanapokuwa na thamani kuliko kocha.

Jambo moja nalionea shaka, nalo ni vijana wa umri wetu kuondoka mapema mno. Mwaka 2008 Brandon Jennings, akiwa na miaka 18, alitoka sekondari moja kwa moja akaenda kucheza Roma, kwa sababu NBA ilikuwa imekwisha kuweka kanuni ya kutomchukua Mmarekani asiyetimiza miaka 19 ndani ya mwaka wa uchaguzi, wala kabla mwaka mmoja haujapita tangu darasa lake limalize sekondari. Roma hakupewa dakika nyingi. Hata hivyo mwaka 2009 alichaguliwa wa kumi, katika uchaguzi ule ule ambao Hasheem Thabeet wa Tanzania alikuwa wa pili, na Novemba ya mwaka huo alifunga alama 55 katika mechi moja. Wengi husimulia alama 55. Mimi nina miaka 17, na ninaposoma kisa hiki huwaza zaidi juu ya zile jioni za Roma, kijana yuko mbali na mama yake, kwenye benchi, lugha haijui. Tangu 2021 wanafunzi wa vyuo vya Marekani wameruhusiwa kupata fedha kwa majina yao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa, kwa hiyo sababu ya kuondoka mapema hivyo imepungua. Nafurahi. Aondoke mtu akiwa amekomaa na akiwa na elimu ya kumrudisha njiani atakapopotea.

Ndugu zangu wanafunzi, sasa nirudi kwenye lile neno. Baada ya miezi michache sisi wa Kidato cha Nne tutatawanyika. Wengine watachaguliwa kwenda Kidato cha Tano, na wengine, kwa kuwa nafasi ni chache kuliko sisi, hawatachaguliwa. Watakwenda kujifunza useremala, umeme, uuguzi, ushonaji, au watarudi shambani na kwenye mashua. Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Majirani walisema amefeli maisha. Alikwenda mji mwingine kujifunza ufundi wa umeme, na leo yeye ndiye anayenipa nauli ya kuja shuleni na pesa ya sabuni. Majirani wale wale humwita taa zinapozimika.

Gazeti letu huwa na ukurasa wa habari za wanafunzi wa zamani. Nimesoma matoleo yote yaliyomo maktabani, na katika ukurasa huo nimekuta majina ya waliokwenda Kidato cha Tano na vyuo vikuu peke yao. Namwomba Mhariri, kwa heshima, kuanzia toleo lijalo atuandikie na habari za wengine: yuko wapi, anafanya kazi gani, amefika wapi. Nawaomba walimu wawaalike siku ya mahafali wasimame mbele yetu pamoja na wale waliofika chuo kikuu. Nanyi wazazi, mtoto akikosa nafasi hapa, msimwulize kwanza kwa nini hakuchaguliwa. Mwulizeni anataka kwenda kufanya kazi gani, na wapi, kisha msaidieni kuisoma karatasi ya mkataba kabla hajatia sahihi.

Mcheza kwao hutunzwa, na atunzwe. Lakini anayecheza ugenini kwa bidii na kwa uaminifu naye yumo mchezoni. Tusimwite aliyeshindwa ilhali bado anakimbia uwanjani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne